Picha Aliyonichora Wagdi

Muharram Bek,
Aleksandria.
9 Machi 1962

Mpendwa Dada Dawlat,

Salamu nyingi zikufikie huko Kuwait, wewe na shemeji Fikri. Mgongo unaendeleaje? Watoto wameizoea shule? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila mimi tangu juzi situlii. Nikikaa nasimama, chai naipika na kuisahau.

Dada, nilikuficha jambo. Baridi yote hii nilikuwa kitandani kwa homa ya matumbo. Nywele zangu ulizokuwa ukizisuka zilipukutika zote. Sikukuandikia kwa sababu ungepanda ndege siku hiyo hiyo. Sasa nimepona, nazo zimeota urefu wa kucha, nafunga kitambaa.

Juzi nilipanda paani kuanika nguo. Pale pana kile chumba cha mume wangu Wagdi, anamochora kwa sindano juu ya bamba la shaba kisha akachapa karatasini. Nikakuta karatasi zimeanikwa kambani, na katika kila moja nimo mimi: nimekaa ukingoni mwa kitanda, kichwa kitupu kama yai, bega nje ya gauni.

"Umenivua nguo, Wagdi!"

"Hakuna aliyeiona picha."

Nikazitazama namba alizoandika pembeni mwa kila karatasi. "Umeandika ziko kumi na mbili. Ya tatu iko wapi?"

Akajikuna shingo. "Iko kwenye maonyesho, Mtaa wa Fuad. Tangu jana."

Nilivaa viatu nikaenda. Watu walisimama mbele ya picha yangu na glasi za sharubati. Bwana mmoja akasema, "Masikini, mfungwa huyu." Nikanyoosha mikono kuitungua.

Mlinzi akanifokea: "We mama, usiguse! Una nini na picha ya watu?"

"Ni yangu."

"Kila mtu atasema yake!"

Nikakivua kitambaa kichwani. Mlinzi akakitazama kichwa changu, kisha picha. Akaishusha mwenyewe, akaifuta vumbi kwa mkono wa koti, akanipa. "Nisamehe, binti yangu."

Nyumbani Wagdi alikuwa mlangoni. "Siku ile niliyokuchora ulikaa mwenyewe mara ya kwanza," akasema. "Nilishajua nitakuzika, Inshirah."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa!"

Nililia, Dada, lakini hasira haikwisha, na hata sasa haijaisha.

Nikamwambia achape moja tu zaidi, ya kwako, imo humu. Usilie ukiifungua. Wino ulipokauka nikachukua sindano yake nilikwaruze bamba, asichape tena. Shaba ikawa inateleza mezani. Wagdi akaja, akalishika kwa mikono miwili, akanishikia mpaka nikafika kona ya mwisho.

Msalimie shemeji, na Mirvat na Shukri uwabusu. Mungu awatunze ugenini na atukutanishe tukiwa wazima.

Mdogo wako akupendaye, hata alipokuficha,

Inshirah