Jani la Sale Mezani kwa Binti wa Bima

Mama Aika, mke wangu uliyelala kihambani, kaburini chini ya migomba yetu,

Duka letu la Pasua sasa linaonewa wivu na maduka ya katikati ya mji: friji mbili, rangi mpya, wateja mpaka barazani kwa fundi cherehani. Ungeliona ungefufuka urudi kaunta.

Haya, nimeongopa. Umenijua tangu nikiwa na meno yote. Duka limeungua. Zimebaki kuta, na friji iliyokunjamana kama uso wangu.

Unakumbuka kila tukifunga ulivyoniuliza, "Baba Aika, umechomoa?" Nami nakujibu, "Nimechomoa, mama mkwe," halafu unarudi kuushika waya wa friji kwa mkono wako, hunipi hata heshima ya kuaminiwa uongo. Mifuko ya sukari uliiinua juu ya mbao. Mshumaa ulikuwa marufuku hata umeme ukikatika. Kioo cha kabati kilipopasuka nikasema tukadai bima, ukanitazama kama mwizi wa kuku. "Kioo tutanunua wenyewe. Bima ni ya moto." Miaka yote ile hatukudai kitu, na ada yetu ikawa ndogo kuliko ya jirani aliyedai kila mara. Nilikuita bahili mbele ya wateja. Ukacheka, ukaninyima sukari kwenye chai.

Ulipoondoka nikaona bima ni ng'ombe wa maziwa. Nikadai kioo. Nikadai sukari iliyolowa, maana mbao zako nilizijengea banda la kuku. Nikadai hata kreti la soda nililoangusha mwenyewe. Wakalipa, nikajiona msomi, mimi niliyeishia darasa la nne. Kila mkataba ukihuishwa ada ikapanda, mpaka ikanishinda, nikaacha kulipa.

Jumapili moja nikafunga duka nikaenda kilabuni. Sikuchomoa.

Nikapanda mlimani, nikakata jani la sale kwenye uzio wa marehemu baba yako. Ni sale ile ile iliyomlainisha nilipokutorosha: alifoka, akaliona jani, akalipokea, akaniambia, "Ingia ule." Kwetu ukiletewa sale hukatai kusamehe. Nikashuka nalo mpaka ofisi ya bima, nikampa binti wa pale kwa mikono miwili.

"Shikamoo babu. Asante, ni zuri," akasema, akalitia kwenye glasi ya maji mezani kwake. Si mtu wa huku, maskini.

"Marahaba. Naomba msamaha, mjukuu wangu."

"Babu, bima yako iliisha mwezi wa tatu. Moto umekuja wa tano."

Hakusema vibaya. Afadhali angefoka, ningejua pa kushika.

Sasa nashinda kwenye kigoda mbele ya zile kuta. Watu wa mtaa wananisalimu kwa sauti ya msibani. Utani umeniishia, mama, hata huu naulazimisha. Nikisinzia kidogo tu, nasikia hatua zako zinakuja kaunta.

Una deni langu. Siku mchungaji alipokuta mtungi wako wa pombe ya mbege jikoni, nilisema ni wangu, nikatengwa kanisani miezi mitatu, wewe ukaendelea kuimba kwaya. Ulisema, "Hili nitakulipa." Nilipe sasa. Ukinijia ndotoni njoo na lolote, hata ugomvi. Ila usiniulize kama nilichomoa.

Mumeo,
Baba Aika