Masaa sitini na tano na nusu bila maji

Jumanne, Oktoba 2017. Doornfontein.

Joto tangu asubuhi. Mawingu yanajikusanya upande wa kusini, halafu yanatawanyika kama vibarua walioambiwa leo hakuna kazi. Mashine zangu nne zimezimwa. Wafanyakazi nimewaruhusu mapema, nimewaambia umeme una hitilafu. Umeme hauna hitilafu. Mwenye hitilafu ni mimi, na karatasi ya kuthibitisha ninayo.

Nianze na Jumamosi, maana kesho saa kumi na mbili jioni ni karibu mno.

Mke wangu, Neema, alikuwa amefunga siku tatu kavu. Kwa msiotoka kwetu Kivu: kavu maana yake hakuna chakula na hakuna tone la maji. Kanisani kwetu mwenye ombi kubwa hufunga hivyo, na siku ya tatu anapanda mlimani kumalizia. Ombi la Neema analijua kila mtu, hadi mlinzi wa jengo letu pale Berea. Tuna miaka saba ya ndoa. Wenzetu wote wanaitwa Papa fulani na Mama fulani, kwa jina la mtoto. Mimi wananiita Fundi. Yeye wanamwita Neema tu, kama bado yuko kwa baba yake.

Mwaka huu vilima vya hapa mjini havikutosha. Mtu alileta habari za mapango ya kaskazini, kwenye makorongo makavu, ambako watu wa zamani walijenga nyumba ndani ya mwamba. Masaa matano kwa teksi ya kukodi, yale mabasi madogo ya hapa. Tulikuwa watu kumi na saba. Tulipofika, kabla ya kuanza kutembea, Mama Mtumishi, shemasi wetu, alipita na kikapu akakusanya chupa zote za maji, hata za wale waliokuja kusindikiza tu, ili zisiwajaribu wanaofunga. Watu walizitoa wakicheka. Kikapu kikafungiwa ndani ya teksi.

Watu kumi na saba. Kilomita sita kwenda, sita kurudi. Jua la Oktoba. Lita sifuri.

Hesabu hiyo mimi niliifanya tangu Ijumaa, kwa sababu hicho kikapu nakijua. Nashona mabegi, ndiyo kazi iliyonitoa kwenye cherehani ya kuazima hadi hapa nilipo. Nilifumua mgongo wa begi langu, pale penye sifongo, nikatoa sifongo, nikaingiza mfuko bapa wa maji wa lita mbili, nikashona tena kwenye matundu yaleyale ya sindano. Mama Mtumishi alilipapasa akasema, "Fundi, begi yako nzito hivi, umebeba zambi?"

Nikacheka na wenzangu.

Niseme yote, maana nimechoka kusema nusu. Mimi sikuwa nimefunga. Nyumbani nilifunga. Hapa karakana nilikula magwinya mawili, maandazi ya huku, kila siku, nikapiga mswaki, nikarudi kwa mke wangu nikiwa nimelegeza sauti kama mtu mwenye njaa.

Korongo lilikuwa jembamba, mawe mekundu pande zote mbili, na chini mchanga wa mto ambao hauna mto. Aliyetuongoza ni dada mmoja wa kijiji cha pale, mwenye buti na kofia pana. Aliuliza maji yetu yako wapi. Nikamtafsiria jibu la wakubwa, kwamba tuko kwenye maombi.

"Eish," akasema. Akashika chupa yake ya nusu lita, akatupitishia macho mmoja mmoja. Nikajua huyu naye anahesabu.

Tulifika saa tano na nusu. Mwamba umeinama juu kama kibaraza, na chini yake kuta fupi za mawe zilizosiribwa udongo. Milango yake unaingia kwa magoti. Kuna maghala ya nafaka, ya mviringo, makubwa kama mapipa, na mengine bado yana vifuniko. Nilijikuta naikagua ile kazi kama naitafutia kasoro. Sikuiona. Kwenye udongo wa ghala moja kulikuwa na alama za vidole vya waliosiriba, safu kwa safu, na pale chini, usawa wa goti, kulikuwa na alama ndogo ndogo.

Mtoto alikuwa anamsaidia mama yake.

Neema alipiga magoti mbele ya zile alama. Akajaribu kuweka kidole chake ndani ya moja, hakikuingia. Akajaribu cha mwisho, kikaingia ncha tu. Akabaki hivyo. Wenzetu walikuwa wameanza kuimba. Halafu akalala ubavu, taratibu, na mimi nikadhani anaomba.

Dakika mbili nzima nilidhani anaomba.

Nilipomgeuza, midomo ilikuwa imepasuka na macho hayanitazami. Nilibana ngozi ya mkono wake, ikabaki imesimama kama kitambaa kilichopigwa mkunjo. Nikatoa wembe ninaotembea nao kwenye funguo, nikapasua mgongo wa begi.

Kuimba kulikatika.

"Fundi," Mama Mtumishi akasema, "wewe ulikuja kuomba ao ulikuja kuuza mayi?"

"Mama, mtu anakufa."

"Hafi. Roho ndiyo imemulalisha. Masaa sita na nusu tu inabakia. Muache, Bwana atamuinua."

Yule dada wa kijijini hakuelewa maneno, lakini alisogea akakaa katikati yetu na Mama Mtumishi, akafungua ile nusu lita yake akammwagia Neema kichwani. Mimi nikamwekea mfuko wangu mdomoni. Neema alipohisi maji akakaza meno. Hata akiwa hajitambui alikaza meno. Nilimbana pua kama mtoto anayekataa dawa. Akameza. Akakohoa, akameza tena. Kidogo kidogo, robo saa, hadi macho yakanipata.

"Sheri," akasema, kama anavyoniita siku zote, "umeniharibishia."

Basi. Hakulia, hakunisukuma.

Njia yote ya kurudi alitembea ameshika mkono wa yule dada. Mimi nilibeba begi lililopasuka. Karibu na teksi nilimuuliza dada kwa nini wale watu waliondoka, nyumba nzuri vile. Akanionyesha chini, kwenye mchanga. Alisema kwao wanasimulia kwamba kulikuwa na chemchemi, ikakauka, watu wakapima, wakahama. "Hawakukaa kuingoja," akasema. Yeye alikuwa anajibu swali langu tu.

Jumapili kanisani hakuna aliyenitukana. Walinisalimia kwa kichwa. Mama Mtumishi alitangaza kwamba dada yetu alizuiwa yakiwa yamebaki masaa sita na nusu, kwa hiyo yale sitini na tano na nusu hayahesabiki, na kwamba dada yetu yuko tayari kuanza upya. Neema alisimama akaitikia. Anaanza kesho, saa kumi na mbili jioni, kutoka sifuri. Wanawake watampeleka mlima mwingine.

"Safari hii bila wewe." Ndiyo sentensi pekee aliyoniambia tangu pale pangoni.

Mwili uliokauka Jumamosi unaanza tena Jumatano. Nimefanya hesabu hiyo kwa njia tatu, na zote zinanipa jibu moja.

Sasa karatasi.

Mwezi wa tano nilikwenda kupimwa hospitali, peke yangu. Neema alikuwa ameshapimwa mara nne, ya mwisho daktari alimwambia hana tatizo lolote, amlete mume. Nikaenda. Daktari aliigeuza karatasi kwangu, akaweka kalamu kwenye mstari wa mbegu za kiume. Nimezoea namba, nikatafuta ni ngapi. Sifuri. Si chache, si dhaifu. Sifuri. Nilirudia mwezi wa sita, nikidhani mashine yao imekosea. Sifuri tena.

Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu, "Wamesema niko sawa, tungoje."

Miezi mitano. Mama mkwe anapiga simu kutoka Uvira kila wiki, na anayeulizwa ni Neema. Anayewekewa mikono ni Neema. Anayekauka midomo ni Neema. Mimi nakaa pembeni nikimlaumu Mama Mtumishi na kikapu chake, na kweli namlaumu, hata sasa. Lakini yeye alimnyima maji asubuhi moja. Mimi nimemnyima jibu tangu mwezi wa tano, nikijua anafunga kwa ajili ya kitu ambacho tumbo lake halijawahi kukikosa.

Kwa nini sikusema? Nilijijenga mwenyewe katika mji huu, hakuna aliyenishika mkono, na kila nilichokosa nilikipata kwa kukesha. Hiki hakipatikani kwa kukesha. Niliogopa ataondoka. Jumamosi niliona namna nyingine ya kuondoka.

Saa kumi anakuja. Hata akininunia anakuja, maana yeye ndiye mkaguzi wa mishono, na mzigo wa kesho haujakaguliwa. Begi lililopasuka nimeliweka juu ya meza yake. Nilikuwa nimeingiza karatasi mbili ndani ya ule mpasuo, mahali pa maji, kwa sababu Neema hawezi kupita mshono ulio wazi bila kuushika. Angezikuta mwenyewe, na mimi ningekuwa nimeshuka kununua uzi.

Hapana. Nimezitoa. Ziko mkononi mwangu.

Nachapisha haya mtandaoni sasa hivi, kabla hajafika, ili nisipate pa kurudi nyuma.

Lifti ya jengo hili ni mbovu. Ngazi ni arobaini na nne, na nasikia viatu vyake vinapanda, polepole, anapumzika kila baada ya kumi. Akifika juu nitampa karatasi, naye atakuwa na pumzi ya swali moja tu, na hilo ndilo ninaloliogopa kuliko sifuri zote mbili: tangu lini?