Nilisema ni Mvuke

Jumatatu, 1 Juni

Baridi. Nimechota mitungi miwili kabla ya shule, vidole vimekufa ganzi. Ndinda hakunisaidia. Alikuwa nyuma ya choo na kalamu yake.

Si kalamu. Ni vape, sigara ya umeme, nyembamba, ya pinki, inanukia embe. Alipewa na msichana fulani wa stendi likizo ya Aprili. Mwanzo ilikuwa Jumamosi tu. Sasa hawezi kwenda shule bila kuvuta.

Ndinda ni mtoto wa mama mkubwa. Tumelelewa pamoja hapa Kathiani kwa Susu, nyanya yetu. Tunalala kitanda kimoja. Ana pumu. Nikimkumbusha, ananiambia, "Hii si sigara, Mutheu. Acha ushamba." Aliniapisha nisiseme. Kazi rahisi. Mimi kutosema ndiyo kipaji changu.

Alhamisi, 4 Juni

Mwalimu wa ushauri ameniita. Jumamosi kuna mkutano wa wazazi. Daktari mgeni atazungumza juu ya pombe, bangi na vape. Amekulia ng'ambo, Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu. Anahitaji mkalimani.

Mimi. Mimi ambaye kuomba ruhusa ya kwenda msalani kunanitoa jasho.

"Si wewe ndiye wa A mbili, Kiswahili na Kiingereza?"

Nilitaka kulia. Nikasema ndiyo, mwalimu.

Jumamosi, 6 Juni

Nimefanya jambo. Naliandika lilivyo.

Ukumbi ulijaa. Nilisimama kando ya daktari kama wakalimani wa krusedi za injili. Pombe nikatafsiri. Bangi nikatafsiri. Wazazi wakaitikia kwa kichwa. Ikafika vape. Nikamwona Ndinda mlangoni na sinia ya vikombe vya chai. Amenikazia macho. Susu safu ya mbele, na kitambaa chake cha kanisani.

Daktari alisema ni mvuke wenye nikotini. Kwamba nikotini inamfunga kijana haraka kuliko mtu mzima. Kwamba kemikali zake zinachoma mapafu. Kwamba mwenye pumu anaweza kufa. Maneno yote nilikuwa nayo. Hakuna hata moja lililonishinda.

Nikasema: "Wanavuta mvuke wenye ladha. Mwenye pumu awe mwangalifu."

Basi.

Mama mmoja akapaza sauti, "Kumbe ni kujifukiza tu! Sisi na mkaratusi, wao na stima!" Ukumbi mzima ukacheka. Daktari naye akatabasamu, akidhani amechekesha. Mwalimu alikuwa nje anapanga chai.

Watu watasema ni haya. Nina haya, ndiyo. Lakini haya haikulichagua lile neno. Nililichagua mimi, nikimwangalia Ndinda.

Jumanne, 9 Juni

Susu ameipata ile vape. Anafua sketi ya Ndinda, ikadondoka kutoka mfukoni. Akaja nayo jikoni, ameishika kwa vidole viwili.

"Hii ndiyo ile ya mvuke mliyosema shuleni?"

Aliniuliza mimi. Si Ndinda. Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama na daktari.

Nikaitikia kwa kichwa.

Akaigeuzageuza. Akainusa. Akampa Ndinda. "Sawa. Kifua chako kinakusumbua na baridi hii. Lakini usitumie ukiwa na njaa, mwiitu wakwa, binti yangu."

Chumbani Ndinda alicheka hadi akauma blanketi. "Mkalimani wa taifa!" Na mimi nilicheka. Naliandika hilo pia. Nilicheka.

Jumapili, 14 Juni

Sasa anavuta wazi, penye meko. Susu hata anamkumbusha. "Ndinda, umejifukiza?" Anasema kwa upendo, vile alivyokuwa akituchemshia mkaratusi tukiwa wadogo, blanketi kichwani, sufuria kati yetu.

Ndinda anakohoa zaidi. Amepanda mlima wa kutoka kanisani akisimama mara nne. Ametoa kalamu nyingine, ya bluu, anasema hii ni kali.

Nikamwambia aache. Nikamwambia yote aliyosema daktari, neno kwa neno.

"Mbona hukuyasema kwa maiki?"

Alisema amejaribu kuacha Alhamisi, akatetemeka mikono, akamkemea mwalimu bila sababu. "Siwezi, Mutheu." Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo. Alikuwa ananiomba kitu. Nikageukia ukuta.

Kesho nitamwambia Susu.

Jumatatu, 15 Juni

Sikumwambia.

Jumanne, 16 Juni

Nilianza. "Susu, kuna kitu." Akasema niseme. Nikasema chumvi imeisha.

Jumatano, 17 Juni

Naandika hospitalini, nyuma ya daftari la hesabu.

Asubuhi nilikuwa nakamua ng'ombe. Nikasikia Susu anamwita Mungu. Niliacha ndoo. Ndinda alikuwa ameketi kitandani, mabega yamepanda, midomo imekuwa ya kijivu. Anavuta hewa, hewa haiingii. Pampu yake ya pumu ilikuwa sakafuni, tupu. Na Susu amemkumbatia kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili amemshikia ile ya bluu mdomoni.

"Vuta, mwiitu wakwa. Vuta mvuke. Itakufungua."

Nilipiga kelele. Sijawahi kupiga kelele maishani. Niliipokonya, nikaitupa. Susu aliniangalia kama nimerukwa na akili. Jirani alitoa gari lake la Probox tukateremka mjini. Ndinda kichwa mapajani mwangu. Njia nzima nilihesabu pumzi zake kwa sababu sikujua kuomba nini.

Wamemwekea oksijeni.

Alhamisi, 18 Juni

Daktari wa wodi aliuliza alikuwa anatumia nini. Susu akamjibu kwa heshima, "Ni ule mvuke wa kifua tu, daktari. Walifundishwa shuleni."

Daktari akaniangalia.

Nikasema. "Ni vape. Tangu Aprili." Kisha nikamgeukia Susu. "Susu, si dawa. Ni sumu ya tumbaku. Daktari alisema pale ukumbini, mimi nikaificha. Nilijua."

Hakunipiga. Hakunitukana. Aliangalia mikono yake. Akaiweka chini ya leso, kama vitu vya aibu.

Daktari alisema wanafunzi wengi huficha wenzao wakidhani ni mapenzi. Tungemleta wiki iliyopita, angetibiwa pumu na kusaidiwa kuacha, akarudi darasani. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.

Jumatatu, 22 Juni

Ndinda yuko hai. Mapafu yamevimba. Hawajui yatapona kiasi gani. Mama mkubwa amekuja kutoka kiwandani Mavoko. Ndinda akitoka wodini atampeleka kwake, karibu na kliniki. Hakuniambia pole wala nini. Alisema tu, "Wewe."

Ni haki yake.

Nilimwandikia mwalimu wa ushauri barua. Kurasa mbili, kila neno la daktari nililoliacha. Nimemwomba aisomee wazazi. Akasema nitaisoma mwenyewe. Nitasoma.

Jumamosi, 27 Juni

Kitanda ni kikubwa.

Nimesoma barua leo. Sauti yangu ilikatika mara tatu. Hakuna aliyecheka. Yule mama wa mkaratusi alijifunika uso. Wasichana wawili wa kidato cha pili walinifuata hadi kwenye lango, wakaniambia nao wanavuta. Nikawapeleka kwa mwalimu.

Mchana simu ililia. Ndinda, kutoka Mavoko. Siku hizi anasema maneno mawili, anapumzika, anasema mengine mawili.

"Susu... anakula?"

Hali kitu. Jana alionja muthokoi wa mahindi na maharagwe, kijiko kimoja. Nikasema anakula kidogo.

Susu alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Tangu hospitali hajataka kushika simu Ndinda akipiga. Anasema mikono yake haifai. Nikapiga magoti, nikamshikia simu sikioni. Ndinda hakusema kitu tena, nadhani alichoka. Ilisikika pumzi tu, ya kukwaruza, inaingia, inatoka.

Susu aliacha maharagwe. Akafumba macho, akasikiliza.