Kambale na Kuku

Mjukuu wangu Masika,

Huku Butembo tuko wazima, na baba yako Paluku amevuna maharagwe. Umeuliza kwa nini babu yako, Mungu amrehemu, hakuandika majina nyuma ya picha.

Wakati wa vita, kule Mulekera tulikoishi, watu walipigwa picha siku za sherehe tu. Yeye alipiga watoto wakioga, wakila. Niliona haya.

"Baba Paluku, ngojea kwanza nibavalishe. Batu batasema batoto yetu habana manguo."

"Napiga batoto, Mama Paluku, siyo manguo."

"Basi andika jina: Kambale."

"Kila nyumba iko na Kambale," akacheka. Ni kweli, kwetu mvulana wa pili huitwa hivyo. Akaandika: Huyu anamegea kuku ugali wake.

Tulipokimbilia Butembo, Kambale wetu hakufika. Safari ile siiandiki. Ninayo picha yake nyingine, ya siku niliyomvalisha mimi. Amesimama kama mgeni. Babu yako alijua kutazama.

Sokoni mtu akiita "Kambale", wanageuka wengi. Nikisoma maneno ya babu yako, anageuka wangu peke yake, na ugali mkononi.

Nyanya yako