Mama Mkubwa Anatafutwa

Ghorofa ya Tisa,
Ladywood,
Birmingham, Uingereza.
Jumapili, 27 Agosti 2006

Mpendwa mdogo wangu Asmahan,

Assalaam alaykum. Kabla ya lolote nataka kujua hali yako na hali ya huyo aliyemo tumboni. Miguu imepungua kuvimba? Usingizi unaupata? Daktari amesemaje wiki hii? Nakujua wewe, ukiambiwa upumzike ndiyo kwanza unainuka kufua mapazia. Tafadhali, mapazia ya Wete hayana haraka. Sisi huku wazima, Alhamdulillahi. Watoto wako wamenenepa, mumeo Maulid amemaliza kozi yake salama, na mimi nina furaha mpaka mume wangu Mselem ananiuliza nimeokota nini.

Barua hii anakuletea Maulid mkononi. Najua watoto wataanza kuhadithia hata viatu hawajavua, na Yasir atatia chumvi. Kwa hiyo nyoosha miguu, waambie wakupishe, usome mwenyewe. Kuna jambo moja humu ambalo sikukwambia kwenye simu. Nakuomba ufike mwisho kabla hujanigombeza.

Nianze na mazuri. Wiki zote tatu Maulid alikuwa darasani kule chuo kikuu, Selly Oak, asubuhi mpaka jioni. Mimi nikachukua likizo yangu yote ya hospitali, nikasema mwaka huu ni wa kutembeza wageni. Asmahan, nimeishi mji huu miaka kumi na nne na nilikuwa siujui! Nilijua njia ya kazini Harborne, njia ya sokoni na njia ya msikitini, basi. Watoto wako ndio walionionesha Birmingham.

Unajua kitu cha kwanza walichokipenda? Lifti ya jengo letu! Lifti yenyewe mbovumbovu, ina harufu, na ikifika ghorofa ya sita hutingishika. Shemsa akaiona kama ndege. Siku ya kwanza alipanda na kushuka mara kumi na moja, na kila mlango ukifunguka anawaamkia watu shikamoo. Mzungu mmoja wa ghorofa ya nne sasa naye anaitikia marahaba, nimemfundisha mwenyewe. Ikumbuke hiyo lifti, nitairudia.

Kisha Mselem akatupandisha basi namba kumi na moja, lile linalouzunguka mji mzima kwa zaidi ya saa mbili. Mume wangu ni dereva wa basi siku sita za wiki, na siku yake ya mapumziko akaenda kupanda basi, akakaa nyuma ya dereva mwenzake kumkosoa breki. Sisi tulikaa juu, mbele kabisa, kwenye kioo. Tulipita makanisa, misikiti, hekalu la Masingasinga, bustani, viwanda vilivyofungwa, watoto wanapiga makelele kila tawi la mti linapogonga kioo. Mwisho basi likaturudisha pale pale tulipopandia. Yasir akatazama kituo, akamgeukia Mselem kwa hasira: “Sasa tumekwenda wapi?”

Tumekwenda kwenye mifereji. Watu wa hapa wanajigamba kwamba mifereji yao ni mingi kuliko ya Venisi, na ukiwauliza nani aliyehesabu wanabadilisha mazungumzo. Kuna boti nyembamba ndefu, zimepakwa maua, watu wanaishi ndani na paka wao. Boti ikifika penye kilima inaingizwa baina ya milango miwili, maji yanajazwa, na boti inapanda juu taratibu kama mtu anayeinuka kitini. Yasir alisimama pale saa nzima na mvua inamnyea. Anasema akiwa mkubwa atajenga mlango kama huo Wete. Usimvunje moyo.

Tumepanda gari moshi hadi Bournville kwenye kiwanda cha chokoleti, ambako Shemsa alikula mpaka akaomba chumvi. Tumepiga picha na fahali wa shaba pale kwenye maduka ya Bullring, utaiona ndani ya bahasha, huyo aliyeshika pembe ni mwanao. Tumekwenda Bustani za Mimea, Edgbaston, kwenye nyumba ya vioo yenye joto kama la kwetu. Mle ndani pana mgomba. Mgomba, Asmahan, umewekewa uzio na kibao cha jina, na watu wameuzunguka kwa adabu. Shemsa aliutazama kwa huruma, akanivuta nguo: “Anti, huu umefanya nini mpaka wakaufungia?”

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini ile “anti” ilinichoma, nakwambia kweli. Tangu walipofika mimi nilikuwa anti. Mwalimu wake wa skuli ni anti, muuza duka ni anti, na mimi dada yake mama yake tumbo moja pia ni anti, Anti wa Uingereza. Nilimngoja mtoto aseme “mama mkubwa” mwenyewe. Sikutaka kumlazimisha, maana jina la kulazimishwa lina faida gani? Kila asubuhi nikiamka nasema labda leo. Najua utanicheka, mwanamke mzima wa miaka arubaini. Lakini mimi Mungu hajanipa mtoto, nawe unajua, na jina hilo ndilo jina pekee la umama nililo nalo.

Na tena nilikuwa nalikumbuka lile neno lako la mwaka jana. Hatujalizungumza tangu siku ile. Uliniambia: “Dada, wanangu wanakujua kwa sauti tu. Kadi ya simu ikiisha, na wewe umekwisha.” Nikakata simu. Miezi miwili sikupiga, nikijiambia nimetukanwa. Sikutukanwa. Nilikasirika kwa sababu ni kweli.

Sasa jambo lenyewe. Vuta pumzi.

Jumatano iliyopita niliwapeleka kwenye jumba moja la makumbusho lenye mashine za kale. Ghorofa ya tatu kuna mtambo wa mvuke mkubwa kama nyumba, na siku hiyo ulikuwa unazungushwa kweli. Yasir maswali hayakumwisha. Nikauachia mkono wa Shemsa nitafute miwani, nimsomee kaka yake maelezo. Miwani ilikuwa kichwani. Nilipogeuka Shemsa hayupo.

Nikazunguka mtambo, nikaingia vyooni, nikainama chini ya meza, naita jina lake huku Yasir ananifuata analia. Nilimwona mbele yangu Maulid, nikakuona wewe na tumbo lako. Nikajisemea: amekupa wanawe wiki tatu tu, Thuwaiba, wiki tatu, na umempotezea mmoja.

Wakati huo kipaza sauti cha jumba kinatangaza kwa Kiingereza, kwa sauti ya kijana mchangamfu, kwamba Big Mother anaombwa afike ghorofa ya chini. Nikapita. Kikatangaza tena: Big Mother, tafadhali, ghorofa ya chini. Nikadhani ni mchezo wa watoto, mtu kavaa mavazi ya zimwi la kuchekesha. Mara ya tatu nikapandwa na hasira hasa. Mimi mtoto amenipotea, na hawa wanacheza!

Kisha kipaza sauti kikakoroma, ikaja sauti nyingine, ya mwanamke mtu mzima, na Kiswahili kikatanda jumba zima:

“Mama kubwa ya Shemsa! Kuja chini, karibu ya mlango! Toto yako iko hapa, iko salama, nakula biskuti!”

Sijui nilivyoshuka zile ngazi. Yasir anasema niliruka nne nne, na hapo hajatia chumvi. Kumbe mwanao aliingia kwenye lifti. Aliiona iko wazi, akaona aipande mara moja tu, mlango ukafunga. Alipojikuta chini hakulia. Alikwenda moja kwa moja mapokezi akamwambia kijana wa pale kwa Kiingereza chake cha darasa la pili: nimempoteza Big Mother.

Kijana akamuuliza mama yake anaitwa nani. Akajibu mama yuko Pemba. Kijana akachanganyikiwa. Umekuja na nani? Big Mother. Jina lake? Hapo Shemsa akafunga mdomo. Umemlea vizuri, mdogo wangu: mtoto wako hamtaji mkubwa wake kwa jina, hata akipotea Ulaya. Yukoje huyo mama? Mkubwa. Basi wakamtafuta mkubwa. Naambiwa walimwendea mama mmoja mnene wa watu aliyekuwa anakunywa chai yake, wakamuuliza kama ni yeye, na majibu waliyoyapata kijana hakutaka kuyarudia.

Aliyetuokoa ni Bi Sukhvinder, Msingasinga, mfanyakazi wa pale, mvi kichwa kizima. Kazaliwa Kisumu, akaja huku akiwa msichana. Alimsikia Shemsa akijisemea peke yake “mama mkubwa, mama mkubwa,” akaacha alichokuwa anakifanya akamnyang'anya kijana kipaza sauti. Anasema Kiswahili hajakitamka kwa nguvu hivyo kwa miaka thelathini.

Nilipofika, mimi huyu mwembamba kama ufito, kijana alinitazama juu mpaka chini. “You're Big Mother?” Bi Sukhvinder akamsukuma kando, akaniambia kwa kile Kiswahili chake: “Yeye nafikiri kubwa ya kilo. Mimi nasema, hapana, hii kubwa ya kuzaliwa.” Akacheka, kisha akaona nalia, akanishika mkono akalia na yeye, na sisi hata hatujuani.

Shemsa alikuwa amekaa kiti kirefu anatikisa miguu, makombo ya biskuti kidevuni. Aliponiona akakunja uso kama bibi yake, marehemu mama yetu, alivyokuwa akitukunjia tukichelewa kurudi. Akasema:

“Mama mkubwa! Ulipotea wapi?”

Nilimkumbatia.

Kwenye basi la kurudi nikamuuliza nani kamfundisha kusema vile. Akaniambia ni wewe, uwanja wa ndege, siku ya kuondoka. Uliinama ukamshika mabega, ukamwambia: ukiumwa, ukiogopa, ukipotea, mtafute mama mkubwa, yeye ndiye mimi. Nikamwambia, sasa kwa nini siku zote unaniita anti? Akanishangaa. “Nilikuwa bado sijapotea.”

Asmahan, hukuniambia. Mwaka mzima nimekaa na lile neno la kadi ya simu, kumbe ulikuwa na neno jingine, ukampa mtoto alichukue. Yeye ndiye mimi. Nami jina langu lilipotangazwa mara tatu, jumba zima linasikia, sikulijua kuwa ni langu. Nilikuwa nimelingoja siku kumi na nane, na lilipokuja likanikera! Nikifikiri nacheka, kisha najikuta nafuta macho.

Kwa hiyo nakuomba radhi mara mbili. Kwanza, nilimpoteza mwanao kwa dakika ishirini na tano. Maulid nilimweleza usiku ule ule, akaniambia yeye alimpoteza Yasir sokoni Wete na wewe mpaka leo hujui. Sasa umejua. Pili, nakuomba radhi kwa miaka yote hii. Miaka ya mwanzo ilikuwa karatasi za ukaazi, hilo unalijua. Mama alipofariki sikuweza kutoka. Lakini karatasi zilipokuja, kilichonizuia ni aibu tu. Niliogopa kuingia nyumba ile na Mama hayumo, na wewe unaniangalia. Kila mwaka nikasema mwakani. Mtoto wa miaka saba kaniuliza swali moja na likanitosha.

Mimi na Mselem tunakuja Idi. Likizo nimeshaiomba, na imeshakubaliwa, kwa hiyo usianze kusema insha Allah ile yako ya kutoamini. Kwa hesabu yako mtoto atakuwa amekaribia arubaini yake, nami nitakuwapo kukupikia, kumwogesha, na kukukataza kufua mapazia.

Mselem anakusalimu na anamuuliza Yasir lini atakuja kumalizia kuzunguka. Nisalimie shangazi yetu Bi Mwanasiti, mwambie dawa yake ya magoti ipo kwenye begi la Maulid, ndani ya soksi ya kijani. Nisalimie majirani wote, hata yule uliyegombana naye kwa ajili ya kuku. Bi Sukhvinder naye anakusalimu. Alikuja kwetu jana kula pilau, akamletea Shemsa pakiti nzima ya biskuti.

Mungu akufungue salama, wewe na kilichomo tumboni, akupe wepesi na maziwa tele. Na huyo anayekuja, tafadhali, mfundishe kuniita mapema. Asingoje mpaka apotee.

Dada yako akupendaye, niliyekuwa nimepotea,

Mama Mkubwa