Kuinyamazisha Mashine ya Papa

Papa wangu uliyetangulia,

Ile kompyuta yako ya muziki bado iko salon, palepale sebuleni, na bado inaimba. Ila diski yake sasa inakwaruza kama kijiko ndani ya sufuria. Umeme ukikatika tu, moyo unaniruka. Kigali wamenipa kazi, Papa! Niliwaambia nitakuja nikishakopi vitu vyako. Wananingoja, na mimi nimekwama hapa Cyangugu, nalinda mashine kama mgonjwa.

Na aliyenikwamisha ni wewe. Watu wengine wakiingiza wimbo wanaandika jina la mwimbaji, basi. Wewe ulichukua kaseti ulizovuka nazo kutoka Bukavu, ukaziingiza moja moja, mafaili ukayaacha na namba tupu, halafu majina ukayaandika ndani ya programu. Tena majina gani! "Wa siku Maman alicheza mpaka kiatu kikakatika." "Wa kumwamusha muvivu", yaani mimi. Nilikuambia, "Papa, haya si majina ya nyimbo, ni umbeya mtupu." Ulicheka hadi ukakohoa.

"Mwimbaji iko na batu yake ya kumukumbuka," ukanijibu. "Siye tujikumbuke wenyewe."

Basi ulipoondoka nikakopi nyimbo zote kwenye flash, nikajiona nimemaliza. Nikaifungua kwenye laptop yangu: namba, namba, namba. Kumbe majina yote yanakaa katika faili moja ya ile programu, baze ya data, na haikopiwi vizuri programu ikiwa inafanya kazi. Lazima uisimamishe kwanza. Maana yake nyumba inyamaze.

Maman hakutaka hata kusikia. Wakati wa kilio hatukugusa muziki, unaijua desturi yetu, na siku ya kuondoa kilio, watu hawajamaliza hata kutoka uani, yeye alikuwa ameshawasha, na tangu hapo haizimi hata usiku.

"Nilinyamaza kilio yote," akanifokea. "Haitoshi? Ukiisimamisha itakatala kuamuka."

Kila nikimwomba, ana sababu. Leo kuna wageni, kesho kichwa kinamuuma, keshokutwa anapika. Nilifika mahali nikazichukia nyimbo zenyewe, Papa, nisamehe. Nilikuwa nikisikia gitaa linaanza, nataka kupiga kelele.

Jumapili hii alipokwenda misa, nikaisimamisha. Kimya kilichoingia humu ndani! Nilimsikia kuku wa jirani, nikasikia hata tumbo langu. Nikakopi ile baze, nikaifungua kwenye laptop. Majina yote yamo, na umbeya wako wote. Nililia kama mtoto. Halafu nikawasha programu, nayo ikaamka bila neno.

Maman aliporudi, muziki ulikuwa unacheza kama kawaida. Sijui alijuaje. Labda uso wangu ulisema.

"Umeshakopi?"

"Ndiyo, Maman." Nikajiandaa kugombezwa.

Hakunigombeza. Alikaa kwenye kiti chako na kitambaa cha kanisa bado kichwani, akatazama mikono yake.

"Basi sasa utaenda," akasema.

Siku hizo zote nilidhani anaogopa mashine isife. Mimi ndiye niliyetangaza kwa mdomo wangu kwamba nikimaliza kukopi naondoka, na kila siku aliyonizuia, alipata siku moja zaidi ya kuwa na mtoto nyumbani.

Kopi iko kwenye sakoshi yangu ya begani, Papa. Nauli ninayo, mlango hakuna aliyeufunga. Tangu asubuhi nimekaa kitandani na nguo zimetapakaa, sijakunja hata moja. Kule salon Maman amefumba macho, anajifanya amesinzia ili nisimuage. Nikibaki, najijua, nitakuja kumlaumu. Nikienda, nani atakula naye jioni?

Wewe pumzika. Sisi huku bado hatujaweza.

Binti yako wa mwisho