Mama Mkwe Hasikii Tena Harufu, Nami Nimechoka Kumfichia

Mshauri wetu, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya karakana tunapofanyia kazi, saa ya mapumziko, kwa sababu nyumbani siwezi kuliandika jambo hili na huku kazini hakuna niliyezoeana naye kiasi cha kumwambia, na mistari ikipinda unisamehe, nimechoka, wala si uchovu wa kulala ukaamka umekwisha, ni ule wa kuamka nao.

Kazi yangu ni kutengeneza utando wa kufungia vyakula. Si nailoni ya dukani, huu wetu tunaupika kwa wanga wa muhogo, tunautia rangi ya maua, tunaumwaga kwenye sinia na kuukausha mpaka unakuwa mwembamba kama ganda la kitunguu, na ukishatumika unaufukia tu ardhini unaoza. Sifa yake kubwa ni rangi. Ukitoka kwenye sinia ni wa zambarau, lakini nyama au samaki akianza kuharibika ile hewa yake inaugeuza kuwa wa kijani, na maziwa yakichacha yanaugeuza kuwa mwekundu, kwa hiyo mtu anaona kwa macho hata kama pua haijamwambia kitu.

Sasa mshauri, mama mkwe wangu tunakaa naye. Alikuwa mpishi wa kantini ya wafanyakazi kwa miaka mingi, na mtaani wanamwita Mama Pua, kwa heshima kabisa, maana mtu akinunua samaki akamtilia shaka humpelekea anuse, akisema tupa unatupa, akisema pika unapika. Mwaka huu aliugua mafua mabaya, akapona kila kitu isipokuwa hiyo pua. Hakusema. Niligundua mwenyewe siku maharage yalipoungua yeye amekaa hapohapo pembeni ya jiko anachambua mchele, harufu imenifikia mimi chumbani, nikatoka mbio kuzima jiko, naye akaniuliza, "Kuna nini, mbona mbio?"

Basi nikaja na utando nyumbani, nikamwambia kwa upole, mama, huu ukigeuka kijani ujue nyama imeharibika. Akautazama kama mtu aliyeletewa kiatu cha kuazima. Akasema, "Mwanangu, nimelisha watu wazima kantini nzima na hakuna aliyeshika tumbo. Leo nikaulize nailoni?" Nikakoma hapohapo, nikauweka kabatini, na tangu siku hiyo nabandika vipande kwa siri chini ya vifuniko vya bakuli, kila asubuhi kabla ya kazi nafungua friji, nikikuta kijani naitoa ile nyama, naitupa mbali na nyumbani, nanunua nyingine, naikata kwa mshazari kama anavyokata yeye, naiweka palepale ilipokuwa, ndipo nakwenda kazini nikiwa tayari nimechoka.

Nilimwambia mume wangu, yeye ni fundi wa kuchomelea mageti, akanijibu bila hata kuvua miwani ya kazi, "Mama ni mama. Usije ukamwaibisha." Wifi yangu, ambaye hakai nasi, naye anatangaza kwamba napekua friji ya mama yake kama askari. Mzigo ukabaki wangu.

Halafu likatokea la mtoto wetu. Bibi yake alimpikia uji wa maziwa mimi nikiwa kazini, jioni akatapika na kuharisha mpaka tukamkimbiza hospitali, wakamlaza, wakamtundikia dripu. Amepona, ameanza hata kugombana na watu. Lakini bibi yake amebadilika, hali chakula vizuri, haongei, anamgusa mtoto paji la uso kila akipita. Na mimi nilipoosha lile jagi la maziwa nilikuta kipande cha utando kimegandia chini ya kifuniko, chekundu, wala sikumbuki kukiweka, ila kwa uchovu huu sikumbuki mengi, labda nilikiweka nikaondoka bila kuangalia, na wazo hilo linanitafuna.

Sasa mume wangu anataka tuajiri msichana wa kupika, mama aambiwe apumzike, basi. Mshauri, yule mama bila jiko atakaa afanye nini? Niendelee kuficha mpaka nidondoke, au nimwambie nimvunje moyo? Nisaidie.

Mkwe Aliyechoka

*

Mkwe, marahaba. Pole kwa kuuguliwa, na pole kwa uchovu. Nimeuona kwenye sentensi zako, hazina hata mahali pa kuvutia pumzi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimekwama kwenye jagi. Hukumbuki kukiweka kile kipande kwa sababu hukukiweka wewe. Nani mwingine nyumbani kwenu anaogopa chakula kuharibika? Mumeo hataki hata kulisikia jambo hili, mtoto hajui kazi ya utando. Amebaki mmoja. Sikuwepo jikoni kwenu na ninaweza kukosea, lakini nakwambia ninachokiona: mama mkwe wako amekuwa akiuchukua utando wako kabatini. Aliubandika kwenye maziwa, akaangalia kama umekuwa wa kijani, akakuta si wa kijani, akampikia mjukuu wake. Habari za wekundu angezipata wapi? Wewe ulimweleza ya nyama, akakujibu neno moja la kiburi, ukafunga kabati na somo likaishia hapo.

Kwa hiyo hakumpuuza mtoto. Alimlinda kwa kile kidogo alichokijua, na sasa amekaa peke yake na kosa asiloelewa limetokea wapi, wala hana wa kumuuliza, kwa sababu akiuliza itabidi akiri.

Hapo nikugombeze kidogo. Unamficha kwamba unajua pua yake haifanyi kazi, naye anakuficha kwamba haifanyi kazi. Mmoja anabadilisha nyama asubuhi, mwingine anabandika utando mchana, na aliyelazwa hospitali ni mtoto. Mnaita heshima. Mimi naiita woga, na wewe ndiye unayelipia kwa usingizi wako.

Mumeo mpe ukurasa huu ausome, tena avue hiyo miwani. Baba, kuajiri msichana ili usizungumze na mama yako ni kumkimbia mama yako. Wewe ndiye utakayeanza. Mwambie, "Mama, tunajua pua haisikii, na la mtoto halikuwa kosa lako peke yako." Kisha mpeleke kwa daktari wa masikio na pua. Wapo wanaorudiwa na harufu baada ya mafua, wapo wasiorudiwa, lakini bila kupimwa mtabaki kukisia. Wifi mwambieni jambo hili mkishalimaliza, si kabla.

Nawe mkwe, kuanzia leo acha kubadilisha nyama. Chagua siku ya mapumziko, mchana, weka mezani nyama nzima na iliyoharibika, maziwa mazima na yaliyochacha, kila kimoja na kipande chake, ukae na mama mkwe wako muangalie rangi zikigeuka moja baada ya nyingine. Mwombe radhi kwamba ulimfundisha nusu. Mtu aliyeendesha kantini nzima hatashindwa na rangi mbili. Halafu mkabidhi utando wote uwe wake, aubandike hadharani, na majirani wakija na samaki wao awaonyeshe anavyofanya siku hizi.

Atakasirika kwanza. Mwache akasirike, asipokasirika ndipo uogope. Akimaliza atataka kupika, na siku hiyo apike yeye. Wewe vuta kiti ukae. Usifunue sufuria, usichungulie friji. Ukiwekewa sahani, kula.